Nani Anauliza? Nywila ya VPN Inapodaiwa Tena na Tena

Homa si ugonjwa, ni dalili. Watumishi wa afya walio wakongwe kazini wanakumbuka wakati ambapo mtoto mwenye homa alipewa dawa ya malaria hata kabla hajapimwa, na wanajua jinsi kipimo cha haraka cha mRDT kilivyobadili desturi hiyo, hasa baada ya Shirika la Afya Duniani kuelekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Nidhamu hiyo bado haijafika kwenye meza ya kompyuta. Hapo, kisanduku cha nywila kikitokea, mtu huandika nywila. Kikirudi, huiandika tena huku akibonyeza kwa nguvu zaidi. Kikirudi mara ya tatu, hujaribu nywila nyingine yoyote aliyowahi kuwa nayo. Hiyo ni tiba ya kubahatisha, na ina madhara yake.

Chukulia zahanati mojawapo katika Kata ya Kizota, magharibi mwa Jiji la Dodoma, jirani na viwanda na maghala ya nafaka ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Ni asubuhi ya kliniki, na tabibu anataka kusoma majibu ya mama mjamzito aliyepewa rufaa wiki iliyopita. Majibu yamo katika seva ya hospitali iliyoko upande wa pili wa jiji, na seva hiyo, kama inavyopasa, haikuachwa wazi kwenye intaneti. Anayetaka kuifikia akiwa nje ya hospitali hupitia VPN. Kompyuta ya zahanati inatumia Linux, mfumo usiodai ada ya leseni na unaoweza kuendesha mashine iliyokwisha kuzeeka. Tabibu anawasha VPN, kisanduku kinatokea, anaandika nywila. Kinarudi. Anaandika tena. Kinarudi. Mama yuko kwenye benchi, kadi ya kliniki mkononi, na nyuma yake foleni inaongezeka.

VPN ni njia ya faragha ndani ya intaneti ya wote. Taarifa hufumbwa kwa namba kabla hazijatoka kwenye kompyuta, hupita katika mitambo ya kampuni ya simu zikiwa hazisomeki, na hufumbuliwa upande wa pili na seva iliyokubali kumpokea mtumaji. OpenVPN, mojawapo ya programu zinazotumika sana kwa kazi hii, ilianza mwaka 2001 kwa mikono ya James Yonan, mwandishi wa programu aliyekuwa amesafiri Asia ya Kati na ambaye hakufurahishwa na kuona kazi yake ikipita katika mitandao ya nchi ambazo hakuwa na sababu ya kuziamini. Yonan alihofia siri zake mwenyewe. Tabibu wa Kizota amekabidhiwa siri za watu wengine.

Siri hizo zina sheria. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya kipimo cha VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. VPN yenyewe pia imeguswa na kanuni: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo likiwataka watu na taasisi zinazotumia VPN kuitaarifu juu ya matumizi hayo kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kwa hiyo mtumishi aliyechoshwa na kisanduku, akaamua kupakua VPN ya bure kwenye simu yake, hajatatua lolote. VPN ya bure haimfikishi kwenye seva ya hospitali. Inapeleka mawasiliano yake mikononi mwa kampuni asiyoijua. Na inamwingiza katika jambo ambalo taasisi yake haikulitolea taarifa.

Si VPN ya bure tu. Kisanduku kinachorudi mara kwa mara huzaa tabia. Nywila huandikwa kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa chini ya kibodi. Akaunti ya mtu mmoja ambayo siku hiyo inakubali hutumiwa na wote, hata ikawa haijulikani tena ni nani aliyefungua faili la nani. Majibu hupigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp. Tabia iliyo mbaya kuliko zote haionekani kwa macho: mkono huzoea kuandika nywila kila kisanduku kinapotokea, bila jicho kusoma kilichoandikwa ndani yake. Septemba 2022 kampuni ya Uber iliingiliwa kwa njia hiyohiyo. Mhalifu aliyekuwa na nywila ya mfanyakazi wa mkataba alijaribu kuingia mara nyingi, na kila jaribio lilipeleka ombi la uthibitisho kwa mfanyakazi huyo, mpaka hatimaye akakubali moja. Katika sekta ya afya, Februari 2024, wahalifu waliingia katika mifumo ya Change Healthcare, kampuni ya Marekani inayoshughulikia madai ya malipo ya matibabu, kwa jina na nywila zilizoibwa, kupitia mlango wa mbali ambao haukudai uthibitisho wa hatua ya pili. Andrew Witty, aliyekuwa wakati huo mkuu wa kampuni mama ya UnitedHealth Group, alilieleza Bunge la nchi hiyo Mei mwaka huo kwamba kikomboleo cha dola milioni 22 kililipwa.

Tiba ya kisanduku inaanza na swali moja ambalo watumiaji wengi hawajawahi kuliuliza: ni nani anayeuliza?

Kibweta kilichofungwa

Kwenye Linux, wanaouliza nywila wakati VPN inawashwa ni zaidi ya mmoja. Seva ya VPN huuliza nywila ya mtumishi. Ufunguo wa cheti cha kompyuta, kama VPN imewekewa cheti, unaweza kuuliza nywila yake wenyewe. Na kompyuta nayo huuliza nywila ya kufungulia kibweta chake cha siri, ambamo nywila nyingine zimehifadhiwa. Watatu hawa huvaa sura moja: dirisha dogo katikati ya kioo, mstari mmoja wa maneno, na nafasi ya kuandika. Tena husema Kiingereza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili, na kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana; mwaka huohuo ikazaliwa Ubuntu, iliyobeba jina la Kibantu lililo ndugu wa neno utu. Zaidi ya miaka 20 imepita, lakini kisanduku kinachomsimamisha tabibu wa Kizota kwa kawaida bado hakimsemeshi kwa lugha yake.

Kibweta hicho, ambacho kwenye meza ya GNOME huitwa GNOME Keyring na kwenye meza ya KDE huitwa KWallet, ndicho chanzo cha visa vingi, kwa hiyo kinastahili kuelezwa kwa kirefu. Mtu anapoingia kwenye kompyuta kwa nywila yake, nywila hiyohiyo hufungua kibweta kimyakimya, na nywila ya VPN iliyohifadhiwa humo huchukuliwa bila kumsumbua mtu. Utaratibu huu unategemea sharti moja: nywila ya kuingilia na nywila ya kibweta ziwe sawa, na nywila ya kuingilia iwe imeandikwa kweli. Sharti likivunjika, kibweta hubaki kimefungwa.

Huvunjika kwa njia tatu hivi. Kompyuta imepangwa kuingia yenyewe inapowashwa, jambo linalopendwa sana mapokezini kwa kuwa linaokoa muda. Hapo hakuna nywila iliyoandikwa, na kibweta hakina cha kufungulia. Au mtu ameingia kwa alama ya kidole, na kidole kinamtambulisha mtu lakini hakibebi nywila. Au mtumishi alisahau nywila yake ya kuingilia, fundi akambadilishia kwa mamlaka ya msimamizi. Kompyuta sasa inaijua nywila mpya, ila kibweta hakikuambiwa, nacho kinaingoja ya zamani. Mtumishi aliyebadilisha nywila yake mwenyewe, akiwa ameingia, kwa kawaida hapatwi na hili, kwa sababu mfumo hubadilisha zote mbili pamoja.

Matokeo yake ni mchezo wa kusikitisha. Kibweta kinauliza nywila ya kuingilia kwenye kompyuta. Tabibu, ambaye mawazo yake yote yako kwenye VPN, anaandika nywila ya VPN. Inakataliwa. Anahitimisha kwamba nywila ya VPN ni mbovu. Kisanduku cha pili kinapotokea, hiki kikiwa kweli cha VPN, anajaribu nywila ya kompyuta. Seva nayo inakataa, na tofauti na kibweta, seva huhesabu. Baada ya makosa kadhaa, idadi yake ikitegemea jinsi msimamizi alivyoipanga, akaunti hufungwa. Tatizo lililokuwa ndani ya kompyuta moja ya Kizota sasa limekuwa tatizo la ofisi ya TEHAMA ya hospitali, na chanzo chake halisi bado kiko palepale.

Tiba yake ni nyepesi kwa anayeijua. Ondoa utaratibu wa kompyuta kuingia yenyewe, ingia kwa nywila, na mara nyingi kisanduku cha kwanza hutoweka. Kama nywila zimetofautiana, programu ya kusimamia nywila na funguo iliyomo katika GNOME inaruhusu kubadilisha nywila ya kibweta ili ilingane na ya kuingilia, mradi ile ya zamani inakumbukwa. Isipokumbukwa, hakuna njia ya kukivunja: kibweta kinafutwa, kingine kinaundwa, na vyote vilivyokuwamo vinapotea. Kuna wanaoshauri kukipa kibweta nywila tupu ili kisiulize tena. Kisanduku kitakoma kweli. Lakini kibweta chenye nywila tupu huhifadhi siri zake bila kuzifumba, na yeyote atakayeiba kompyuta hiyo ataweza kuzisoma. Kwa kompyuta iliyobeba njia ya kwenda kwenye mafaili ya wagonjwa, ushauri huo ukataliwe.

Karibu na kibweta kuna jambo jingine dogo ambalo wengi hawajaliona. Katika ukurasa wa mipangilio ya VPN, mwisho wa nafasi ya kuandikia nywila, kuna kialama kidogo. Ukikibofya, kinatoa chaguo: nywila ihifadhiwe kwa mtumiaji huyu tu, ihifadhiwe kwa watumiaji wote wa kompyuta hii, iulizwe kila mara, au isihitajiwe kabisa. Chaguo la kwanza ndilo linalotumia kibweta. La pili huiweka nywila katika faili ambalo msimamizi wa kompyuta pekee anaweza kulisoma, chini ya njia /etc/NetworkManager/system-connections, lakini ndani ya faili hilo nywila haikufumbwa. La tatu ndilo linalowafanya wengi wadhani kompyuta imeharibika, ilhali inafanya lilelile iliyoamriwa.

Hapa inafaa kusema wazi kwamba kuulizwa nywila si kosa wakati wote. Kompyuta ya mapokezi inayotumiwa na watu watano kwa zamu inapaswa kuuliza kila VPN inapowashwa, na kila mtu aweke yake. Kompyuta ya mganga mfawidhi, inayotumiwa na yeye peke yake na kufungwa kwa nywila anapoondoka mezani, inaweza kuhifadhi nywila kwa mtumiaji huyo tu. Chaguo la watumiaji wote halifai katika zahanati, hata likiwa rahisi namna gani. Kuulizwa mara moja ni afya. Kuulizwa mara tano kwa asubuhi moja ndiko ugonjwa.

Homa ya vipindi

Madaktari wa zamani walitambua aina za malaria kwa kuangalia homa inarudi baada ya muda gani. Kisanduku nacho kina vipindi vyake, na anayeziandika saa kwenye karatasi kwa siku moja tu humpa fundi msaada mkubwa kuliko maelezo ya nusu saa.

Kikirudi baada ya kila dakika 60 kamili, karibu hakuna haja ya kuuliza zaidi. OpenVPN, ikiachwa na mipangilio yake ya awali, hubadilisha funguo za kufumbia taarifa kila baada ya sekunde 3,600, na wakati huo seva humthibitisha mtumiaji upya. Kama nywila ni ya kawaida na programu imeruhusiwa kuikumbuka, uthibitisho hupita bila mtu kujua. Kama faili la mipangilio lina amri ya auth-nocache, inayoizuia programu kuikumbuka nywila, itaulizwa tena. Na kama hospitali inatumia namba za muda, zile tarakimu sita za kwenye simu zinazobadilika kila baada ya sekunde 30, namba ya saa mbili asubuhi haiwezi kufaa saa tatu. Tabibu anaulizwa katikati ya kuandika maelezo ya mgonjwa, na asipojibu kwa wakati njia inakatika. Tiba yake iko kwenye seva: tangu toleo la 2.4, OpenVPN inaweza kumpa mtumiaji aliyekwisha kuthibitishwa hati ya muda itakayotumika badala ya nywila mpaka zamu iishe. Mtumishi wa zahanati hawezi kuiweka yeye. Ila anaweza kumwambia afisa TEHAMA kwamba kisanduku kinarudi kila saa moja kamili, na sentensi hiyo pekee inatosha kumfikisha afisa kwenye mstari unaohusika.

Kikirudi bila mpangilio, pamoja na umeme kukatika, bando kuisha au kompyuta kuamka kutoka usingizini, mgonjwa ni mtandao. Vumbi la kiangazi la Dodoma lina makosa mengi, lakini hili si lake. Kifaa cha kuhifadhi umeme kwa ajili ya kisambaza mtandao huponya kisa hiki vizuri kuliko mabadiliko yoyote ya programu.

Saa

Kuna kisa ambacho hakitajwi sana, nacho kinafaa kujulikana mahali ambapo umeme hukatika na kompyuta ni za zamani. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, kwa kawaida ya aina ya CR2032, inayoifanya saa iendelee kutembea hata mashine ikiwa imezimwa. Betri hiyo ikifa, kompyuta ya mezani huamka kila asubuhi ikiamini kwamba ni mwaka uliopita zamani. Cheti cha seva ya VPN kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kwa kompyuta inayoishi zamani, cheti hicho bado hakijaanza kutumika. Njia inakataa kufunguka, mtumiaji anajaribu tena, na kila jaribio jipya linaleta kisanduku kipya. Nywila haikuwa na kosa hata chembe. Betri mpya ya bei ndogo inamaliza shauri.

Kisa cha pili cha saa ni cha hila zaidi. Namba za muda za tarakimu sita hukokotolewa kutokana na saa ya dunia, si saa ya ukutani. Kompyuta au simu iliyowekewa majira yasiyo ya Afrika Mashariki itaonyesha saa iliyochelewa, tuseme kwa saa tatu. Mtu anaona kasoro, anasogeza mishale kwa mkono mpaka ilingane na saa yake, na kuridhika. Macho yanaona saa sahihi, lakini ndani kifaa sasa kinaamini kwamba dunia iko saa tatu mbele, na kila namba kinachotoa inakataliwa. Dawa ni kuweka majira ya Dar es Salaam na kuruhusu saa ijirekebishe yenyewe kwa mtandao. Kwenye Linux, amri ya timedatectl huonyesha majira yaliyowekwa na kama saa inalingana na mtandao. Kwenye simu, ni suala la kuwasha chaguo la saa ya kujirekebisha. Simu inayotoa namba ndiyo ikaguliwe kwanza.

Seva inaposema hapana

Baada ya kibweta, vipindi na saa kuondolewa katika orodha, ndipo inapobaki dhana ambayo wengi huanza nayo: nywila yenyewe haikubaliki. Hata hapa kuna la kupima. Herufi kubwa huenda zimefungiwa. Kibodi huenda imewekewa mpangilio wa Marekani ilhali vitufe vyake ni vya Uingereza, na mipangilio hiyo miwili hubadilishana nafasi za alama ya @ na alama ya kunukuu. Mtu mwenye @ katika nywila yake atakosea kila siku bila kujua kwa nini, kwa kuwa kioo kinamwonyesha vitone tu. Bofya alama ya jicho kuiona nywila kabla ya kuituma, kama hakuna anayechungulia, na jambo hilo litajulikana mara moja.

Pengine nywila imekwisha muda. Taasisi nyingi huwalazimisha watumishi kubadilisha nywila kila baada ya miezi kadhaa, ingawa mwaka 2017 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilishauri kuachana na mabadiliko ya lazima yasiyo na sababu, kwa kuwa huwasukuma watu kwenye nywila dhaifu. Pale yanapodaiwa, siku ya kubadilisha ndiyo siku ya visanduku vingi. Kompyuta ya nyumbani, au simu, iliyohifadhi nywila ya zamani huendelea kubisha hodi kwenye seva kwa nywila hiyo bila mwenyewe kujua, na kila hodi inahesabiwa kuwa kosa. Mtumishi anafunguliwa akaunti saa nne, saa tano imefungwa tena, na lawama inakwenda kwa afisa TEHAMA. Anayebadilisha nywila aibadilishe siku hiyohiyo katika kila kifaa alichoihifadhi.

Kipimo kinachotenganisha mambo haya kipo, nacho hakihitaji maabara. Linux huandika kumbukumbu ya kila jaribio. Mwenye ruhusa ya msimamizi akiandika amri journalctl -u NetworkManager mara baada ya kisanduku kurudi, atasoma mistari ya jaribio la mwisho. Akikuta neno AUTH_FAILED, seva ilifikiwa na ikakataa jina, nywila au namba ya muda. Akikuta malalamiko ya cheti kutokuwa halali bado, atazame saa. Akikuta kwamba hakukuwa na siri iliyopatikana, arudi kwenye kibweta. Mistari hiyo michache inafaa kupigwa picha na kupelekewa fundi, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna jina la mgonjwa kwenye kioo.

Kwa tabibu asiye na ruhusa hiyo, utaratibu ni mfupi. Ajaribu mara mbili, si zaidi, mara ya pili akiwa amesoma maneno yote ya kisanduku. Kikikataa, aandike maneno hayo kama yalivyo, pamoja na saa, kisha apige simu. Asimtajie fundi nywila yake, hata fundi akiiomba kwa upole: afisa TEHAMA wa kweli anaweza kuweka nywila mpya bila kuijua ya zamani. Na kisanduku kinachotokea wakati yeye hakuwasha VPN wala hakugusa chochote kisijibiwe kabisa. Kifungwe, na taarifa itolewe.

Mgonjwa naye ana nafasi katika shauri hili. Anayengoja kwenye benchi ana haki ya kuelezwa kwamba faili lake halijafunguka na kwamba tatizo ni la mtambo. Ana haki pia ya kukataa majibu yake yasitumwe kwenye kundi la WhatsApp la watumishi, na ya kuuliza ni nani wanaoweza kuliona faili lake. Kuuliza hivyo si ukorofi. Ni swali ambalo sheria ya mwaka 2022 imempa nguvu ya kuliuliza, na kituo kinachotumia akaunti moja kwa watu watano hakina jibu lake.

Wakati kisanduku kinashughulikiwa, kazi haisimami. Daftari la MTUHA liko mezani, na majibu ya dharura yanaweza kuulizwa kwa simu ya maabara ya hospitali, kwa namba ya faili badala ya jina, upande unaopokea ukiandika na kuyasoma tena kwa sauti mpaka upande wa pili uthibitishe kila tarakimu. Wingi wa damu wa 7.1 na wa 11.7 husikika karibu sawa kwenye simu yenye mkwaruzo, na kwa mama mjamzito kuna safari ya kurudi hospitalini kati ya namba hizo mbili. Njia ikifunguka jioni, yaliyoandikwa kwenye karatasi yaingizwe kwenye mfumo na yuleyule aliyeyaandika, kwa akaunti yake, na kwa tarehe mgonjwa aliyohudumiwa, si tarehe kompyuta iliyopona.